Gawio ni la nani hisa zikiuzwa? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara Unguja na Pemba

Maswali haya nimeyakusanya kwa watu waliokuja kuniuliza wakiwa na bahasha mkononi: hati ya hisa, mkataba wa ukurasa mmoja, pengine ujumbe wa simu tu. Wengi walikuwa jamaa au marafiki walionunuliana hisa kwa wema, wakaja kununiana gawio lilipotoka.

Lishike hili kabla hujaendelea. Kuna maswali mawili ndani ya jambo hili. La kwanza: kampuni imlipe nani? La pili: baina ya muuzaji na mnunuzi, pesa ni za nani? Majawabu yake yanaweza kuwa tofauti, na kila ugomvi wa gawio niliousikiliza ulianza pale watu walipoyachanganya.

## Mambo ya msingi

1. Gawio ni nini, na linatofautianaje na faida?

Faida ni kinachobaki kampuni ikishatoa gharama zake. Gawio ni ile sehemu ya faida ambayo kampuni imeamua kuwapa wanahisa. Kampuni inaweza kupata faida nono na isitoe hata senti, ikaamua kununua boti nyengine au kujenga ghala. Mwanahisa hana haki ya kudai fungu lake kwa sababu tu faida ipo. Haki hiyo inazaliwa gawio linapotangazwa.

2. Mwenyekiti alituambia barazani kwamba mwaka huu tutapata. Hapo gawio limeshatangazwa?

Bado. Kwa katiba za kampuni nyingi, gawio la mwisho wa mwaka hupendekezwa na Bodi ya Wakurugenzi na kupitishwa na Mkutano Mkuu. Wanahisa wanaweza kulipunguza pendekezo la bodi, hawawezi kulizidisha. Azimio likishapita, gawio linakuwa deni ambalo kampuni inadaiwa. Kabla ya hapo ni matumaini tu, hata kama yametoka kwa mwenyekiti mwenyewe.

Basi omba nakala ya kumbukumbu za mkutano na usome tarehe ya azimio. Tarehe hiyo ndiyo itakayotumika karibu katika kila jawabu lililo hapa chini. Gawio la katikati ya mwaka lina kanuni yake. Tazama swali la 14.

3. Likishatangazwa, kampuni inamlipa nani?

Aliye katika daftari la wanahisa siku iliyotajwa na azimio. Kama azimio halikutaja siku, ni aliyekuwa daftarini siku lilipopitishwa. Kampuni haina wajibu wa kuuliza nani kamuuzia nani, wala haifungwi na makubaliano ya watu wawili kibarazani. Ikimlipa mwenye jina, imemaliza deni lake.

Hisa zikiwa za watu wawili kwa pamoja, kwa kawaida hulipwa yule aliyeandikwa mwanzo, na risiti yake inatosha. Mume na mke au ndugu wanaonunua pamoja wafikirie hilo kabla ya kuandikisha, maana mara nyingi mpangilio wa majina huamuliwa na karani tu.

4. Na baina yetu sisi wawili, muuzaji na mnunuzi, pesa ni za nani?

Kama mkataba umesema, fuata mkataba. Ukinyamaza, angalia kipi kimetangulia: makubaliano ya kuuza au azimio la gawio.

Gawio likitangazwa kabla ya makubaliano, ni la muuzaji. Lilikuwa limeshakuwa deni lake, na ameuza hisa, hakuuza deni. Gawio likitangazwa baada ya makubaliano, ni la mnunuzi, hata kama jina lake halijaandikwa daftarini. Sheria za makampuni za Zanzibar na za Bara zimetoka katika shina la Kiingereza, na huko jambo hili liliamuliwa zamani. Katika kesi ya Black v Homersham ya mwaka 1878, hisa ziliuzwa kwa mnada, gawio likatangazwa kabla mauziano hayajakamilishwa, na mahakama ikasema gawio ni la mnunuzi.

Mtu wa Pemba hahitaji kwenda London kulielewa hili. Shamba la mikarafuu likiuzwa na karafuu ziko juu, swali la mwanzo kila mtu atakalouliza ni "na karafuu?" Katika dini yetu kuna kipimo kinachokaribiana: kwa riwaya ya Ibn Umar, anayeuza mitende iliyokwisha kuchavushwa, matunda yake ni ya muuzaji, isipokuwa mnunuzi akiyashurutisha. Tunda lililokwisha kutokeza lina mwenyewe, na sharti likiwekwa linaheshimiwa. Balaa la hisa ni kwamba matunda yake hayaonekani kwa macho. Watu wanaagana bei, wanapeana mikono, na hakuna hata mmoja anayeuliza.

## Kampuni ndogo za hapa nyumbani

Hapa nakusudia kampuni zilizosajiliwa Zanzibar kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali (BPRA), ambazo hisa zake haziuzwi sokoni. Ndizo zinazoleta watu wengi kwangu.

5. Nilinunua hisa mwezi wa tatu, gawio likatangazwa mwezi wa tano, na kampuni imemlipa aliyeniuzia kwa sababu jina lake bado limo. Nimdai nani?

Mdai aliyekuuzia hisa, usiidai kampuni. Kampuni imemlipa mwenye jina, na hapo haina kosa (swali la 3). Aliyekuuzia ameshika pesa zako kwa amana, kwa sababu gawio limetangazwa baada ya kuuziana (swali la 4).

Hesabu yake ni hii. Tuseme ulinunua hisa 400 na gawio ni shilingi 250 kwa hisa. Jumla ni shilingi 100,000. Kampuni imekata kodi ya zuio ya asilimia 10, yaani 10,000, na muuzaji amepokea 90,000. Unachomdai ni hizo 90,000 zilizomfikia. Nimewahi kuona shemegi wawili hawasemezani kwa hizo 10,000 ambazo hakuna kati yao aliyezitia mkononi. Mwombe na nakala ya cheti cha kodi iliyozuiliwa, mambo yawe wazi.

Mwandikie kwanza kwa upole, taja tarehe ya mkataba na tarehe ya azimio, ambatisha nakala. Wengi hulipa wakishaziona tarehe mbili hizo zimekaa pamoja kwenye karatasi moja.

6. Mimi ni kinyume chake: gawio lilitangazwa, kisha nikauza, na kampuni imemlipa mnunuzi.

Lisome azimio kwanza. Kama halikutaja siku yoyote ya mbele, haki yako ilisimama siku ya azimio. Kampuni ilitakiwa ikulipe wewe, na mnunuzi amepokea kisicho chake. Kama limesema gawio watalipwa walio daftarini siku fulani, na siku hiyo imekuja baada ya kuuza kwako, basi kampuni imelipa sawa, na madai yako kwa mnunuzi yanakuwa magumu ikiwa mkataba umenyamaza. Atasema alinunua hisa pamoja na kila kilichokuwa kinakuja, na bei ilihesabu hayo.

7. Kampuni inaweza kukataa au kuchelewa kuandika jina langu?

Inaweza. Katiba za kampuni binafsi karibu zote zinawapa wakurugenzi uwezo wa kumkataa mnunuzi, na nyingi zinataka hisa waonyeshwe kwanza wanahisa waliopo. Isome katiba kabla hujatoa pesa. Na hati ya kuhamisha hisa isiyolipiwa ushuru wa stempu isikushangaze ikirudishwa.

Kuchelewa kulinifika mimi mwenyewe. Nilinunua hisa 600 za kampuni moja ndogo, nikapeleka hati iliyokamilika, nikaambiwa "tutakupigia". Baada ya miezi minne nilikwenda kuulizia. Bahasha yangu ilitolewa katika mtoto wa meza, chini ya kalenda ya mwaka uliopita, haijafunguliwa. Ndani ya miezi hiyo gawio lilitangazwa na kulipwa kwa aliyeniuzia. Namshukuru mpaka leo: alinipigia simu mwenyewe kabla sijajua chochote. Lakini angekuwa amesafiri au amefariki, ningebaki na neno langu tu, kwa sababu sikuwa na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Tangu hapo simwachi mtu aondoke kwa katibu wa kampuni bila muhuri na tarehe juu ya nakala yake. Na siku hiyo hiyo ya mkataba, muuzaji asaini barua ya maagizo kwa kampuni kwamba gawio lolote la hisa hizo lipelekwe katika akaunti ya mnunuzi mpaka daftari libadilishwe.

India wamelitia hili ndani ya sheria. Kwa Sheria yao ya Makampuni ya 2013, kifungu cha 126, hati ya kuhamisha hisa ikiwa imeshapelekwa na bado haijasajiliwa, kampuni huliweka gawio katika akaunti maalumu, isipokuwa mwenye jina ameidhinisha kwa maandishi alipwe mnunuzi. Hakuna kinachozuia kampuni ya hapa kuandika sharti kama hilo katika katiba yake, na ningependa sana ziandike.

8. Niandike maneno gani katika mkataba?

Mistari miwili mitatu inatosha. Kama mmekubaliana gawio lililotangazwa libaki kwa muuzaji:

"Gawio lolote lililotangazwa na kampuni kabla ya tarehe ya mkataba huu ni la muuzaji, hata likilipwa baadaye. Gawio litakalotangazwa tangu tarehe ya mkataba huu ni la mnunuzi. Atakayepokea gawio la mwenzake atamkabidhi ndani ya siku 7, baada ya kodi iliyozuiliwa."

Kama hisa zinauzwa na gawio lake, andika: "Bei hii imejumuisha gawio lililotangazwa tarehe fulani na ambalo halijalipwa, na muuzaji amemwachia mnunuzi haki ya kulipokea." Hapo muuzaji aiarifu kampuni kwa barua, la sivyo itamlipa yeye.

Epuka maneno "pamoja na haki zote za hisa" yakiwa peke yake. Kila upande utayafasiri kwa faida yake.

9. Nimelipa nusu ya bei, nusu kwa awamu. Gawio ni langu lote?

Inategemea kama hisa zimeshauzwa na kilichobaki ni deni, au kuuza kwenyewe kunasubiri awamu ya mwisho. Kwa hali ya kwanza gawio ni lako, nawe unadaiwa bei. Kwa hali ya pili bado ni la muuzaji. Mkataba wa awamu usiosema hili usiusaini.

## Hisa zilizo katika Soko la Hisa la Dar es Salaam

10. Hisa zangu nauza kupitia dalali wa DSE. Kanuni ni hizo hizo?

Msingi ni ule ule, lakini soko limeondoa ugomvi kwa kuweka tarehe. Kampuni inapotoa tangazo la gawio hutaja siku ya mwisho ya kuuza hisa pamoja na gawio, siku ambayo hisa zinaanza kuuzwa bila gawio, siku ya kufunga daftari, na siku ya malipo. Ukiuza kabla hisa hazijaanza kuuzwa bila gawio, gawio linakwenda kwa mnunuzi. Ukiuza siku hiyo au baadaye, ni lako, hata kama siku ya malipo huna hisa moja.

Kinachowachanganya watu ni nafasi baina ya kuuza na kufunga daftari. Biashara ya leo haiingii daftarini leo. Huchukua siku za kazi kukamilika, ndiyo maana siku ya kuuza bila gawio hutangulia. Marekani wamefupisha muda huo kuwa siku moja ya kazi tangu tarehe 28 Mei 2024, na huko sasa siku ya kuuza bila gawio na siku ya kufunga daftari kwa kawaida ni moja. Mwenye ndugu anayefanya biashara ya hisa New York asichukue tarehe za huko akazipima za hapa.

11. Basi ninunue siku ya mwisho, nichukue gawio, niuze kesho yake?

Unaweza, ila fanya hesabu kwanza. Hisa ya shilingi 2,000 yenye gawio la 100, siku ya kuuzwa bila gawio hutarajiwa kushuka karibu na 1,900. Gawio litakufikia likiwa 95 baada ya kodi ya asilimia 5 (swali la 12). Kwa hisa 1,000 umeshapoteza 5,000, na dalali amekukata kamisheni mara mbili. Bei haishuki kwa kipimo hicho hasa kila mara, lakini sijaona mtu aliyetajirika kwa njia hii.

## Kodi na zaka

12. Gawio linakatwa kodi gani, na nani anahesabiwa ameilipa?

Kodi ya mapato ni jambo la Muungano, kwa hivyo hata kampuni iliyosajiliwa Zanzibar hupeleka kodi ya zuio kwa TRA. Kwa gawio la kawaida ni asilimia 10, na kwa kampuni zilizoorodheshwa DSE ni asilimia 5. Kampuni inakata yenyewe kabla ya kulipa.

Cheti hutoka kwa jina lililo daftarini. Mahakama ya Juu ya India, katika kesi ya Howrah Trading ya 1959, ilikataa kumhesabu mnunuzi ambaye jina lake halijaingia daftarini kuwa ndiye mwanahisa kwa ajili ya kodi, ingawa baina yake na muuzaji gawio lilikuwa lake. Maswali mawili niliyoyataja mwanzo yanaonekana vizuri hapo.

13. Na zaka?

Zaka hutolewa na mwenye mali. Gawio uliloshika kwa ajili ya mnunuzi wako si mali yako; mkabidhi kwanza. Hesabu ya nisabu na mwaka muulize sheikh wako.

## Mafundo

14. Bodi ilitangaza gawio la katikati ya mwaka, nikauza hisa, kisha bodi ikalifuta. Inawezekana?

Inawezekana. Gawio la mwisho lililopitishwa na Mkutano Mkuu ni deni tangu siku ile. La katikati ya mwaka, linaloamuliwa na bodi peke yake, kwa kawaida haliwi deni mpaka lilipwe, na bodi inaweza kubadili uamuzi wake kabla ya hapo. Ukiuza hisa kwa kutegemea gawio la namna hiyo, usilipunguze katika bei kana kwamba umeshalipata.

15. Baba amefariki na kampuni bado inalipa kwa jina lake. Vipi?

Gawio lililotangazwa kabla hajafariki ni deni alilokuwa akidai, linaingia katika mirathi kama pesa nyengine. Lililotangazwa baadaye ni tunda la hisa za warithi, nao hugawana kwa mafungu yao. Tofauti hii hupata uzito pale alipousia hisa zenyewe, ndani ya theluthi, kwa asiyerithi: gawio la kabla ya kifo halimo katika wosia huo.

Kampuni itataka uthibitisho wa msimamizi wa mirathi. Kwa Waislamu wa hapa, njia hupita Mahakama ya Kadhi au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.

Na tafadhalini, kabla ya kugawana, angalieni makaratasi ya marehemu. Kama alishaziuza hisa na jina lake likabaki tu, gawio lililokuja baada ya kuuza ni la mnunuzi, na kulila ni kula mali ya mtu. Nimemshuhudia mama mmoja wa Wete akiutoa mkataba wa marehemu mumewe ndani ya kikapu cha ukili na kuuweka mbele ya wanawe, nao wakamrejeshea mnunuzi haki yake jioni ile ile.

16. Nimempa mwanangu hisa kwa hiba. Gawio lililokwisha kutangazwa linafuata?

Halifuati mpaka useme. Kutoa hisa ni kutoa hisa. Deni ulilokuwa unaidai kampuni ni mali nyengine. Ukitaka alipate na hilo, liandike katika hati ya hiba na uiarifu kampuni.

17. Hisa zimeandikwa jina langu lakini pesa alitoa ami yangu. Nikiziuza?

Gawio, la kabla na la baada, ni la ami yako kwa muda wote uliomshikia, na huna ruhusa ya kuziuza bila yeye. Kampuni itakulipa wewe kwa sababu haiangalii amana iliyo nyuma ya jina. Wekeni karatasi baina yenu, hata kama mmekula sahani moja tangu utotoni.

18. Hisa za upendeleo, zile zinazotangulizwa kulipwa gawio kabla ya hisa za kawaida, zina malimbikizo ya gawio la miaka mitatu. Nikinunua leo ni ya nani?

Kama hayajatangazwa, hayajawa deni la mtu. Yanasafiri na hisa, na yakitangazwa baadaye anayapata mwenye hisa wa wakati huo. Muuzaji alihesabu hilo katika bei au amelipoteza.

19. Na hisa za SACCOS au za kikundi chetu cha kuweka na kukopa?

Hizo haziendi kwa sheria ya makampuni. Kwenye kikundi, kile kinachogawiwa sanduku la kufuli tatu linapofunguliwa mwisho wa mzunguko ni akiba pamoja na faida ya mikopo, na kanuni ya kikundi ndiyo inayoamua. Kwa kawaida huwezi kumuuzia mtu wa nje. Ukitaka kutoka, uliza kanuni zenu zinasemaje kuhusu mwaka ambao haujafungwa.

20. Gawio lilitangazwa, halikulipwa, na sasa kampuni inafilisika. Nani anadai, na atapata?

Anayedai ni yule yule wa swali la 3, na baina ya muuzaji na mnunuzi ni swali la 4. Lakini ajiandae: kampuni inapofilisiwa, gawio ambalo mwanahisa anadai kwa uanahisa wake huwekwa nyuma ya wadai wa nje. Wafanyakazi, benki na waliouza bidhaa hutangulia. Wala deni la gawio kwa kawaida halizai riba kwa kukaa. Kwa hiyo aliyetangaziwa gawio aanze kulifuatilia wiki ile ile, kwa barua yenye tarehe na muhuri wa kupokelewa, wakati kampuni bado ina kitu benki.